Pikipiki Iliyokataa Kuwa Sufuria

Walisema pikipiki ya Papa, baba yangu, itaishia kuwa sufuria, na mimi nitaishia nyuma ya ng'ombe wa watu. Walisema mtoto wa Kibabi, kule juu ambako ukungu unalala barabarani hadi jua lipande, hawezi kufungua mashine na kuifunga tena bila kubaki na vyuma mkononi. Baadhi yao wako hai hadi leo, na wakipita hapa Sake mbele ya gereji yangu, wao ndio wanaonisalimu kwanza. Diplome yangu ya mekaniki iko ukutani, ndani ya kioo, mahali ambapo mteja anaiona kabla hajaniona mimi. Niliitafuta Kampala kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenishika mkono, na siku niliporudi nayo wengine walikuwa wanafunga magodoro yao kukimbia vita. Najisifu, ndiyo. Lakini sababu ya kujisifu kwangu ni ya zamani kuliko hiyo diplome, na harufu moja imenikumbusha juma lililopita.

Mteja aliniletea pikipiki kutoka milimani. Nilipofungua sanduku la gia, ikatoka harufu ya siagi ya ng'ombe iliyoungua: chachu kidogo, tamu kidogo, na moshi wa chuma ndani yake. Mtu fulani kule juu alikosa mafuta ya mashine akamimina alichokuwa nacho jikoni. Vijana ninaowafundisha kazi waliziba pua. Mimi niliinama juu ya lile sanduku nikavuta harufu mpaka ndani ya kifua, na kwa muda nilikuwa tena uani kwetu, miguu peku, watu wote wakiniita Fiston.

Pikipiki ya Papa ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, iliyoachwa na mzungu mmoja mwenye shamba la ng'ombe ambaye hata Papa hakumfahamu. Ilikuwa imepita mikono mingi. Tanki lilikuwa na mabonde, na kiti kilivikwa ngozi ya mbuzi ambayo mvua ikinyesha ilianza kunuka kama mbuzi hai. Papa aliitumia kubeba maziwa ya wafugaji, bidoni, yale madumu yetu, zikining'inia pande zote mbili, kutoka Kibabi hadi Sake, na jioni alirudi na chumvi na sabuni. Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi maziwa yalivyoshuka wakati ule: kichwani mwa akina mama, ama juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Chukudu inakimbia vizuri sana kwenye mteremko. Kwenye mlima mwenyewe ndiye unayeibeba. Pikipiki ya Papa ilishuka na ilipanda, na kwa sababu hiyo tulikuwa watu.

Kisha ikaanza kukataa. Kwenye mlima wa Mushaki, juu kidogo ya Sake, Papa alikuwa anaingiza vitesi, yaani gia, ya pili, na mashine inaanza kunguruma kama mtu mwenye jino bovu, halafu *kra!* vitesi inaruka nje yenyewe. Injini inapiga kelele, gurudumu halisukumwi na chochote, na Papa anashusha mguu haraka kabla hatujarudi nyuma. Mimi nilidhani inafanya makusudi. Ng'ombe anayenyimwa ndama wake anazuia maziwa na kupiga teke ndoo. Kwa nini mashine isiwe na lake inalodai? Jioni nililala chini kando yake nikaweka sikio kwenye ganda la alumini, nisikie inadai nini. Nilisikia tu chuma kikipoa, tik, tik.

Papa alimwita Papa Muhindo, jirani yetu, ambaye hakuna mtu katika milima ile aliyechonga chukudu kumshinda. Muhindo alizunguka pikipiki mikono mgongoni, akaomba isukumwe mbele, isukumwe nyuma, akasikiliza.

"Papa Fiston, hii kitu iko na njaa," alisema. "Gurudumu ikilia, iko na njaa. Unapakaa siagi, inanyamaza."

"Ile ni ya chukudu. Hii iko ya chuma."

"Mbao ao chuma, njaa iko moya tu!"

Na kwa kweli, chukudu zote za kwetu zilikwenda kwa siagi. Ilikuwa elimu ya mababu na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitilia shaka. Papa alikwenda kwa Mama Odeta, mama mtengeneza jibini, akarudi na bati la siagi. Waliiyeyusha jikoni kwetu, wakamwaga mafuta meusi ya zamani, wakamimina ile siagi ya njano ndani ya sanduku la gia, na Muhindo akaifunika kwa heshima kama mtu anayefunika chungu cha harusi.

Pikipiki ilinyamaza. Ilikwenda mpaka kwenye kisima na kurudi bila kunguruma hata kidogo, na watu waliokuwa wamesimama kwenye ua wakapiga makofi.

"Niliwaambia!" Muhindo alisema. "Njo vile, ndivyo hasa! Muendelee kunidharau!"

Mimi peke yangu sikupiga makofi. "Papa, kelele imeenda wapi?"

"Imeisha, mwanangu."

"Imeisha, imeenda wapi?"

Walicheka wote. Koko, mama yake Papa, aliyekuwa akiishi nasi, alisema nitamaliza watu kwa maswali. Lakini niwaambie ukweli: nimekaa madarasani miaka mingi, nimesikiliza walimu wenye makoti meupe, na swali zuri kuliko lile sijasikia. Kitu hakipotei. Kama maji yakiondoka kwenye ndoo, yako kwenye udongo. Kelele ilikuwa imeondoka kwenye mashine, na mimi nilitaka kujua imekaa wapi. Jibu nililojipa lilikuwa la mtoto: mashine imekula, imeshiba, imelala. Mama aliyejifungua akipewa uji na siagi ananenepa na kutulia. Nilipita kila asubuhi kuangalia kama pikipiki inanenepa.

Siagi ilidumu mpaka siku ya soko. Siku hiyo, Papa akipanda Mushaki na maziwa ya mtu ambayo soko la Sake lilikuwa limeyakataa, vitesi iliruka, pikipiki ikarudi nyuma, ikalala ubavu. Maziwa yalitiririka barabarani hadi kwa mbwa. Wasukumaji wa chukudu waliacha mizigo yao, wakamsaidia kuisimamisha, wakacheka wakimaliza. Kwa sababu kuteremka ni rahisi, Papa aliirudisha Sake, na pale mbele ya soko ndipo Papa Zakaria alipomkuta.

Papa Zakaria alikuwa mtu wa kumwaga sufuria. Aliyeyusha alumini yoyote aliyoipata, akaimwaga ndani ya mchanga, na sufuria zake zilipika sombe, majani yetu ya muhogo, kwa nusu ya watu wa Masisi. Aligonga ganda la injini kwa kidole kama mtu anayechagua boga.

"Alumini ya zamani," alisema. "Safi. Papa Fiston, hii pikipiki imekufa, usijidanganye. Nipe ganda, nikupe masufuria, Mama Fiston afurahi."

"Haijakufa."

"Basi tupatane mbele ya hawa wote. Pasaka ikifika na haijapanda Mushaki na bidoni zake zimejaa, unaniletea. Ikipanda, nitanyamaza mpaka niende kaburini."

Papa alishika mkono wake. Nilikuwepo, niliona. Alishika kwa sababu ya kiburi, na kiburi hicho ndicho alichonirithisha. Lakini usiku ule, kupitia ukuta wa mbao, nilimsikia akimwambia Mama jambo ambalo hakumwambia Zakaria: kama pikipiki itakwenda kwenye moto, yeye atakwenda Walikale kuchimba, kama Bahati. Bahati ni mdogo wake Papa. Alikuwa ameshuka kwenye misitu ya Walikale kutafuta dhahabu kabla sijaanza kutembea, na sura yake niliijua kwa masimulizi tu. Wanaume wa kwetu waliokwenda huko walisema wote "naenda kidogo". Nilimsikia Mama akiacha kumenya maharage.

Lori la viazi liliturudishia pikipiki nyumbani, na Papa akailaza juu ya magunia na kufungua sanduku la gia. Harufu ilipanda. Siagi ilikuwa imegeuka nyeusi na nzito, na Mama akatufukuza tuisogeze mbali na jikoni. Ndipo jua likapiga ndani ya lile bakuli la uchafu, na nikaona nyota. Vumbi la njano, laini, likimetameta katika siagi nyeusi.

Ninyi mliokulia huku mnajua mtoto wa Masisi anawaza nini akiona vumbi la njano linalometa. Wanaume wanaacha wake zao kwa ajili yake. Na sisi tulikuwa nalo hapa, nyuma ya nyumba! Mara moja mambo yote yalinyooka kichwani mwangu: pikipiki ilikuwa inanguruma kwa sababu ilikuwa inafanya kazi ya siri. Ilikula siagi na ikazaa dhahabu. Papa hana haja ya kwenda popote.

Nilichukua ile siagi kwenye bati, nikamwaga maji ya moto na majivu, nikazungusha taratibu ndani ya karai kama nilivyosikia kwamba Baba mdogo Bahati anafanya mtoni. Siagi ilielea, vumbi likazama. Nililianika juu ya jani la mgomba. Lilikuwa kidogo, lingejaza ukucha, lakini niliketi mbele yake nikiwazuia kuku kwa fimbo, nikiwa mtu tajiri kuliko wote kutoka Kibabi hadi ziwani. Nilimwahidi Mama vitenge.

"Sawa," Mama alisema. "Kwanza teka maji, tajiri."

Papa hakucheka. Alilichukua lile jani, akaligeuza kwenye jua, na niliona kwamba yeye pia alitamani. "Bahati njo anajua dhahabu," alisema mwishoni. "Tumutumie." Wauza mawese walikuwa wakipanda kutoka Walikale na baiskeli zao zimejaa madumu mekundu, na mmoja wao alikuwa akimfahamu Bahati. Tulifunga vumbi ndani ya jani, jani ndani ya kitambaa, yule muuza mawese akakitia kifuani na kuondoka. Nilimsindikiza hadi kona ya mwisho nikimkumbusha asianguke mtoni.

Pasaka ilikuwa inasogea. Mvua zilinyesha, Papa alibeba maziwa kichwani, na mimi niliwaza ng'ombe wangapi nitanunua. Ndipo muuza mawese akarudi, na zaidi ya madumu yake alikuwa na kitu kizito ndani ya gunia. Alikuwa fundi wa kuiga sauti. Alisimama uani, akaweka mikono kiunoni kama Bahati, na Koko akaanza kulia machozi kabla hajaelewa hata neno, kwa sababu ilikuwa sauti ya mwanawe.

"Bahati anasema hivi: Fiston, mutoto wa kaka yangu, ulifanya vizuri kuniuliza. Huku kila juma mutu anakuja na unga kama huu kutuibia. Wanakwangua bronzi, ile shaba ngumu ya mashine, wanauza kama dhahabu. Miye nilishaumwa nayo, naijua hata gizani. Hii iko bronzi. Pikipiki yenu haizai. Inajikula. Muangalie ndani, kuko pete zenye zinabeba fimbo za gia, zile mafundi wanaita bage. Zimeisha, njo sababu fimbo inacheza na vitesi inaruka. Hii kipande ndani ya gunia iko ya pompe ya kuvuta maji ya mugodi wa zamani, bronzi muzuri. Siitoi bure. Nakukopesha weye Fiston, si baba yako, sababu weye njo uliuliza. Siku mashine itapanda, mukuje kunichukua. Ninataka kunywa maziwa yenye mama yangu anamimina."

Nililia kwa ajili ya dhahabu yangu, lakini si kwa muda mrefu, maana udadisi ulinivuta mkono. Kumbe kelele ilikuwa pale! Kelele na lile vumbi vilikuwa kitu kimoja. Siagi nzito ilificha sauti, lakini kusagika kuliendelea chini yake. Papa alitoa fimbo za gia, nikaingiza kidole kwenye matundu ambamo zinakaa. Pete za bronzi zilikuwa humo, kama alivyosema Bahati bila kuziona. Tundu halikuwa duara tena, lilikuwa yai. Upande mmoja pete ilikuwa nyembamba kama ukucha wa Koko.

Sasa ilibaki kuzitengeneza mpya, na Papa hakuwa na uso wa kwenda kuomba. Watu walikuwa bado wanamuuliza kama pikipiki imekula chakula cha mchana. "Enda weye," aliniambia. "Weye njo mukopaji." Basi nikaenda. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba suruali yangu ilishikwa na kamba, na tayari nilikuwa na sifa ya kukopeshwa kutoka Kibabi mpaka Walikale. Wangapi kati yenu wanaweza kusema hivyo?

Papa Muhindo alikuwa mwepesi, kwa sababu siagi ilikuwa shauri lake. Alinichongea mfano wa kila pete kwa mti mgumu, sawasawa kabisa na ya zamani kabla haijaliwa, na akanikopesha kekee yake ya kutobolea, ya kuzungusha kwa mkono, ambayo hata mke wake hakuruhusiwa kuigusa. "Utanilipa hivi," alisema. "Utanipandisha pikipiki, tupite mbele ya wachongaji wote wa chukudu kule Matanda, na miye nitawapungia mukono kama gavana."

Papa Zakaria alikuwa mgumu. Nilimkuta Sake mbele ya tanuru lake, akiwa na mchanga hadi kwenye nyusi.

"Ngoja nisikie vizuri," alisema. "Unataka miye nikuyeyushie dawa ya kuninyima alumini yangu mwenyewe?"

"Ndiyo, Papa."

"Na unanitazama machoni!" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha alichukua kile kipande cha pompe, akakipima mkononi, akakikwaruza kwa ukucha, na nikaona kwamba ugonjwa wangu wa udadisi yeye pia anao. "Moto wangu haujawahi kula bronzi," alisema polepole. "Inaiva namna gani, sijui. Sikiliza. Nitakukopesha moto. Ikipanda Mushaki, utanilipa alumini, uzito ule ule wa ganda nililokosa. Utaitoa wapi, hiyo iko kazi yako."

Zakaria alikandamiza mifano ya Muhindo mchangani ili iache umbo, kisha tukangoja bronzi, ambayo iliiva kwa kuchelewa. Mvukuto wa ngozi ya mbuzi ulipulizwa hadi mikono ikafa ganzi, makaa yakawa meupe, na juu ya chungu ukacheza mwali wa kijani ambao Zakaria hakuwahi kuuona. Aliacha kunitania. Tuliinama wote wawili, mtu mzima na mtoto, midomo wazi. Pete za kwanza zilitoka na matundu kama mkate. Alizitupa tena kwenye chungu bila kuulizwa, akasema, "Mchanga ulikuwa na maji," akaukausha, akamwaga upya. Za pili zilitoka nzima, nyekundu-njano, na joto lao halikutuzuia kuzishangaa.

Nyumbani Muhindo alianza kuzisugua ndani. Mimi nilishika pete ya zamani nikaona kitu: ubavuni mwake kulikuwa na kitundu kidogo.

"Hii mpya haina tundu," nilisema.

"Ile imeoza kwa uzee," Muhindo alisema. "Mutu hatoboi kitu kipya."

Sikuridhika. Nilichukua unyasi mkavu, nikauingiza kwenye kitobo kilichokuwa kwenye ganda la alumini, mahali ambapo mafuta hutua. Unyasi ulipita ukatokea ndani, kwenye kitundu cha pete ya zamani ambayo bado ilikuwa imekaa upande wa pili. Mlango ulitazamana na mlango. Papa aliinama, akauvuta ule unyasi huku na huku.

"Hapa njo inakunywa," alisema.

Muhindo alijikuna kichwa. "Na siagi yangu iko nzito. Haiwezi kupita hapo."

"Haiwezi," Papa alisema.

"Kumbe nilimufungia mutoto mulango akiwa na njaa ndani!" Akaketi chini, akacheka peke yake, kisha akachukua kekee na kutoboa kila pete mahali nilipomwonyesha. Mahali nilipomwonyesha mimi, narudia, kwa wale wanaopenda kusahau.

Kuzilinganisha kulichukua uvumilivu wote tuliokuwa nao. Tulizipanua kwa tupa ya mviringo, tukatia mafuta na unga wa tofali, tukazungusha fimbo ndani yake kwa zamu, tukaosha, tukajaribu, tukarudia. Papa alitaka fimbo izunguke kwa kidole kimoja lakini isigonge hata ukiitikisa. Ilibaki kuziingiza. Pete inapaswa kubana sana ndani ya ganda, na Papa alikuwa amewaona mafundi wa mzungu wakipasha ganda moto ili litanuke. Chombo pekee cha kutosha ganda lile, katika kijiji kizima, kilikuwa chungu kikubwa cha chuma cha Mama Odeta.

"Chungu changu ya jibini?" Mama Odeta alisema. "Mupike pikipiki ndani ya chakula ya watu?"

"Tutakiosha, Mama."

"Weye utakiosha, si ‘tutakiosha'. Kwa majivu na mchanga. Halafu jibini ya kwanza itakayotoka, weye njo utaionja mbele yangu. Ikinuka mafuta, utaikula yote, mpaka ganda!"

Tuliacha pete zilale kwenye kijito, na maji ya Kibabi asubuhi yanauma mifupa. Ganda lilichemka mpaka likaimba ndani ya chungu. Papa alilitoa kwa matambara, mimi nikashika pete ya baridi kwa vidole vyangu vidogo, tundu likitazama tundu. "Geuza kidogo," Papa alisema. "Kidogo. Hapo." Akasukuma kwa kipande cha mti, na pete ikaingia, *tup*, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake.

Siku ya mwisho ya soko kabla ya Pasaka, sanduku la gia likiwa na mafuta mepesi ya mashine badala ya siagi, tulishuka Sake, tukajaza bidoni zote, zile ambazo hazikupata maziwa tukazijaza maji. Mimi nilikaa nyuma, nimebanwa katikati yao. Zakaria alikuwa ametangulia kwa miguu na gunia lake begani, akasimama kwenye kona ileile ambayo maziwa yalimwagika. Wasukumaji wa chukudu walitupisha.

"Sufuria inapita!" mmoja alipiga kelele.

"Fiston, umebeba chumvi? Jioni tunapika!"

Papa aliingiza vitesi ya pili. Nilifumba macho, mikono yangu kwenye mgongo wake, na kupitia mgongo ule nilisikia kila kitu: moyo wake, injini, mawe. Nilisubiri *kra*. Kona ilifika. Mashine ilipunguza mwendo mpaka mtu angeweza kutembea kando yake, ikatetemeka, ikashikilia. Ikashikilia tu, kwa sauti moja nzito isiyo na jino bovu, na tulipompita Zakaria nilifungua macho nikamwona amevua kofia.

"Una deni yangu!" alinipigia kelele. "Usijifanye umesahau!"

Sikusahau. Papa aliondoka baada ya Pasaka kwenda Walikale kumchukua Bahati, na niliwatangazia wakopeshaji wangu wote kwamba siku atakaporudi nitalipa wote pamoja, kama mtu mkubwa. Zile siku za kumngojea nilizijaza kazi. Niliosha chungu cha Mama Odeta hadi nikaona meno yangu ndani yake. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba sufuria zilizotoboka, vijiko vilivyovunjika, mifuniko isiyo na mwenyewe. Lakini Mama alikuwa anatoka nje mara nyingi bila sababu. Nilimwelewa baadaye: Papa hakwenda kuchimba, lakini alikuwa amekwenda Walikale, na msitu ule hauulizi mtu amekuja kufanya nini. Wanaume walikwenda kumchukua mtu, wakaona wenzao wanapima dhahabu, wakabaki.

Walifika mchana, kwenye ukungu. Tuliisikia mashine kabla ya kuiona, ikibadilisha vitesi chini ya kilima, ya pili, ya tatu, na Mama akaingia jikoni haraka ili asionekane uso wake. Papa alikuwa tope mpaka kwenye shingo. Nyuma yake alikaa mtu mwembamba aliyefanana naye kama kivuli, akishikilia kofia yake kwa mkono mmoja. Habari ilikuwa imetangulia, kwa hiyo wote walikuwepo. Zakaria alikuja na mizani yake, akanyanyua gunia langu la alumini, akasukuma mfuniko mmoja urudi kwangu. "Umezidisha," alisema. "Miye si mwizi." Mama Odeta alinikatia jibini, niliionja, watu wote wakinitazama mdomo, na ilikuwa jibini tu. Muhindo hakungoja hata injini ipoe. Alipanda, Papa akageuza, na walishuka kuelekea Matanda huku gavana amemkumbatia dereva kwa mikono yote miwili, hakuna hata mmoja uliobaki wa kupungia.

Akabaki Baba mdogo Bahati. Alikuwa amesimama mbele ya Koko, kofia mkononi. Nikaenda kuchukua kikombe cha mti, Koko akamimina maziwa, na nikampelekea mwenyewe, kwa sababu deni lilikuwa langu. Alikunywa amefumba macho, polepole, mpaka chini. Akapangusa mdomo. Akanitazama.

"Hiyo ilikuwa malipo ya bronzi," alisema. "Imeisha, Fiston. Hunidai, sikudai."

Kisha akamgeukia mama yake, akamnyooshea kile kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Sasa, Mama, unimiminie yangu."